Ufundi wa kambini, karatasi ya ofisini

Ndugu wasomi wenzangu, leo siandiki juu ya muhogo wala mbolea. Naandika juu ya historia, lakini lazima nianze na aibu yangu mwenyewe, juu bila ile aibu nisingekwenda kuitafuta hii historia.

Kiangazi kilichopita tulikuwa na shamba la maonyesho: kabichi, nyanya, lengalenga. Maji yalikuwa yanapandishwa na pompa ya sola. Siku moja pompa ikanyamaza. Tulikuwa wasomi wanne, wote na lisansi ya kilimo, wote kijijini wanatuita "Inje". Tukasafisha pano, tukakaza waya, tukapiga boksi kwa kiganja. Hakuna kitu. Tukaandika ripoti ya kuomba boksi mpya, na tulijua itachukua wiki nyingi. Nyanya haingojei wiki nyingi.

Mama mmoja wa lile shamba akatuuliza: "Sasa mbona hamumwite Papa wa maredio?"

Papa wa maredio ni mzee mwenye kibanda kando ya barabara. Anatengeneza redio, simu, taa za sola. Wakati wa Zaire alikuwa mwanajeshi wa transmisio, na kazi yake ilikuwa kutengeneza redio za jeshi. Akakuja na multimeta moja yenye kioo kilichopasuka. Sisi tulikuwa tumeshashika turnevisi. Akatuzuia.

"Ba Inje, mbele ya kufungua mashini, munapima. Kuran inaingia wapi, inatoka wapi, inapotelea wapi. Kisha njo munafungua."

Nusu saa haikupita. Kondansatere moja ilikuwa imevimba. Akatoa ingine ndani ya redio ya zamani, akaisude, pompa ikakohoa, maji yakapanda.

Sasa aibu yenyewe. Fomu ya matengenezo ilikuwa na nafasi ya kujaza: jina la fundi na diplome yake. Papa hana diplome. Jeshi lilimfundisha, lakini halikumwachia karatasi yenye ofisi inaweza kusoma. Fomu bila diplome ingerudishwa. Basi tukaandika jina langu. Mimi, mtu wa udongo na mbegu, niko ndani ya ile dosie kama fundi wa elektroniki. Papa akapewa kitu kidogo mkononi, akarudi kwenye kibanda chake.

Tangu siku ile niko na swali moja: ufundi wenye mtu aliupata jeshini unavukaje mpaka kuwa kazi ya raia yenye kumlisha na kumheshimisha? Kuko nchi zenye huo ufundi ulivuka kwa wingi, na simu yenye unasomea haya maneno ni mtoto wa ule uvukaji. Nikaenda kusoma walifanya namna gani.

Shule ya rada

Mwezi wa Desemba 1941, Marekani iliingia katika Vita ya Pili ya Dunia. Meli na ndege zake zilikuwa zinaanza kupewa rada. Rada inatuma mpigo mfupi wa mawimbi ya redio. Mpigo ukigonga meli au ndege, unarudi kidogo, na kwa kupima muda wa kwenda na kurudi unajua ile kitu iko umbali gani. Ni wazo rahisi, lakini mashini yake ilikuwa ngumu sana. Ndani yake kulikuwa na lampu nyingi za redio, zile za kioo zenye kupata moto na kuungua. Katikati ya bahari, rada yenye haina mtu wa kuitengeneza ni sanduku zito tu.

Na watu wa kuitengeneza hawakuwepo. Chombo kilikuwa kipya, hakuna shule iliyokuwa inakifundisha. Mmoja aliyeona njia alikuwa William Eddy, afisa wa zamani wa jeshi la majini. Jeshi lilimpumzisha mwaka wa 1934 sababu ya masikio yake kuharibika. Alikwenda kufanya kazi katika televizio, ambayo wakati ule ilikuwa bado majaribio, na vita ilipoanza alikuwa anaongoza kituo kidogo cha televizio huko Chicago. Mwanzo wa 1942 vyumba vya kile kituo viligeuka madarasa ya jeshi la majini. Mtihani wa kuchagua vijana wa kuingia katika yale mafunzo watu wakauita kwa jina lake, Eddy Test.

Kitu kilichonishangaza ni mpango wa masomo. Kijana hakupelekwa moja kwa moja mbele ya rada. Alianza na hesabu. Kisha umeme, namna unavyotembea katika waya na namna unavyopishana. Kisha lampu, kisha redio nzima. Rada yenyewe ilikuja mwishoni, na mafunzo yote yalikula karibu mwaka mmoja. Vita inawaka, watu wanakufa, na jeshi linakubali kumweka kijana darasani mwaka mzima akipiga hesabu!

Sababu iko wazi ukifikiri kidogo. Mashini zilikuwa zinabadilika kila wakati. Mtu aliyefundishwa mashini moja kwa kichwa angebaki bila msaada siku ileta mashini ingine. Mtu aliyejua kwa nini kuran inapita huku na haipite kule, huyo ungemletea sanduku lolote. Ni maneno ya Papa wa maredio: mbele ya kufungua, unapima.

Hakuna mtu aliyepanga ile shule kwa ajili ya kazi za raia. Ilipangwa kwa ajili ya vita. Lakini msingi uliotolewa mule ndani haukuwa na rangi ya jeshi, na vita ilipokwisha mwaka wa 1945, wenye msingi wakatoka nao kambini.

Kazi inabadilisha jina

Walikwenda wapi? Wengi walikwenda mahali pa kawaida kabisa: atelie za kutengeneza redio na televizio, makampuni ya simu, viwanja vya ndege, maabara za vyuo vikuu.

Tuchukue televizio. Mwaka wa 1950, katika Marekani, nyumba karibu 9 kwa 100 zilikuwa na televizio. Mwaka wa 1955 zilikuwa karibu theluthi mbili ya nyumba zote. Kila moja ilikuwa na lampu ndani, na kila lampu ilikuwa na siku yake ya kuungua. Fundi wa rada akifungua ule mfuniko wa nyuma alikuta vitu anavyovijua: kioo kile kile chenye kuchorwa na mshale wa elektroni, mapigo yale yale ya kuhesabiwa, vikuza sauti na vikuza picha vya jamaa moja. Yeye alikuwa anatafuta kosa ndani ya chombo kigumu zaidi, usiku, juu ya meli yenye kuyumba. Televizio ya sebuleni ilimkuta tayari.

Mfano wa pili ni wa kwetu sisi watu wa kilimo. Wakati wa vita, watu wa rada walikuwa wanasumbuliwa na mvua. Wingu la mvua lilikuwa linarudisha mwangwi kwenye kioo, likifunika ndege yenye walikuwa wanaitafuta. Kwa askari ule mwangwi ulikuwa uchafu. Vita ilipokwisha, mtu wa hali ya hewa akaangalia ule uchafu na kusema: hicho njo kitu natafuta! Mwaka wa 1946 ofisi ya hali ya hewa ya Marekani ilipokea rada 25 za ndege kutoka jeshi la majini, ikazigeuza kuwa rada za mvua. Ya kwanza ilianza kazi Washington mwaka wa 1947. Mwaka wa 1948, huko Kanada, J. S. Marshall na W. Palmer walichapisha kazi yao juu ya ukubwa wa matone ya mvua, na mpaka leo jina lao linatajwa kila mara watu wanapotaka kugeuza mwangwi wa rada kuwa milimita za mvua. Sisi wenye tunangojea mvua ya Septemba ili kupanda, na tunaangalia simu kujua kama itakuja, tunakula matunda ya ule mti.

Vijana wawili

Nimesoma maisha ya wawili, na nayaeleza hapa kwa kifupi.

Wa kwanza ni Jack Kilby. Alizaliwa mwaka wa 1923, akakulia Great Bend, mji mdogo wa Kansas. Alijaribu mtihani wa kuingia MIT. Walitaka pointi 500, yeye akapata 497. Wewe mwenye uliwahi kukosa nafasi kwa pointi tatu, huyu ni ndugu yako. Akaenda University of Illinois, lakini vita ikamkata katikati. Jeshi la nchi kavu likamtuma kaskazini-mashariki ya India, kwenye atelie ya kutengeneza redio iliyokuwa ndani ya shamba la chai. Sisi wa Kivu tunajua shamba la chai liko namna gani: milima, ukungu, unyevunyevu wenye kula chuma. Pale njo alikuwa anashughulika na redio za watu waliokuwa wanapigana Burma.

Alirudi chuoni, akapata diplome mwaka wa 1947. Mwaka uliofuata, 1948, maabara ya Bell ikatangaza transista, na mambo mengi aliyosoma juu ya lampu yakaanza kuzeeka palepale. Angeweza kulia. Lakini alipata kazi katika kampuni moja ya Milwaukee, na jioni, kisha kazi, alikuwa anarudi darasani mpaka akapata digrii ya pili mwaka wa 1950. Mwaka wa 1958 akahamia Texas Instruments. Ilipofika kiangazi, wenzake wakaenda likizo. Yeye alikuwa mpya, hakuwa na haki ya likizo, akabaki maabara karibu peke yake. Tarehe 12 Septemba 1958 akaonyesha wakubwa wake kipande kidogo cha jermaniamu chenye vipande vyote vya sakiti ndani yake. Muda mfupi baadaye Robert Noyce akafika kwenye wazo kama lile kwa njia yake, kwa kutumia silikoni. Leo kile kitu tunaita chipu. Mwaka wa 2000 Kilby akapewa Nobel ya fizikia.

Wa pili ni Douglas Engelbart, mtoto wa Oregon aliyezaliwa mwaka wa 1925. Naye vita ilimtoa chuoni. Jeshi la majini likamfundisha rada karibu mwaka mzima. Meli yake ilikuwa inatoka San Francisco wakati habari ilipofika kwamba Japani imesalimu. Kwa hiyo alifika Ufilipino vita imekwisha. Katika kisiwa cha Leyte kulikuwa na kibanda cha Msalaba Mwekundu chenye maktaba kidogo. Mule ndani akasoma makala ya Vannevar Bush juu ya mashini ya kumsaidia mtu kupanga na kuunganisha maarifa. Akaibeba katika kichwa.

Alimaliza chuo mwaka wa 1948, akapata kazi ya umeme katika maabara ya ndege huko California. Kazi nzuri, mshahara wa kila mwezi. Lakini alianza kujiuliza maisha yake yatakuwa ya nini. Wakati ule kompyuta ilikuwa mashini kubwa ya kupiga hesabu: unaipa kadi zilizotobolewa, unaenda, unarudi baadaye kuchukua jibu. Engelbart alikuwa ametengeneza rada. Alijua kwamba kama mashini inaweza kutoboa kadi, inaweza pia kuchora kwenye kioo, na mtu mwenye kukaa mbele ya kile kioo anaweza kujibizana nayo. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, yeye na kundi lake walionyesha watu, kwa dakika 90, vitu ambavyo wengi hawakuwahi kuota: kipanya cha kompyuta, maandishi ya kusahihisha juu ya kioo, neno la kubonyeza likupeleke kwenye andiko lingine, na watu wawili walio mbali wakifanya kazi pamoja wakionana.

Angalieni vizuri. Kioo cha rada alikiona jeshini, wazo alilisoma kwenye kibanda cha Leyte, na nafasi ya kuviunganisha aliipata chuoni na kwenye kazi. Ondoa moja ya hizo tatu, na sijui kama tungepata ile siku ya 1968.

Daraja lilijengwa na sheria

Hapa ndipo nafika kwenye sehemu yenye wengi wanaruka. Tunapenda hadithi za vijana wenye akili. Lakini Kilby na Engelbart hawakutembea peke yao. Tarehe 22 Juni 1944, vita ikiwa bado haijaisha, rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwarudisha askari katika maisha ya raia, yenye watu waliita GI Bill. Serikali ililipa masomo mpaka dola 500 kwa mwaka, na ikampa mwanafunzi aliyekuwa askari pesa ya kuishi, kwa kuanzia dola 50 kwa mwezi.

Watu karibu milioni 7.8, kati ya askari milioni 16 wa ile vita, walitumia nafasi ya masomo au mafunzo. Milioni 2.2 walikwenda vyuo vikuu. Fanya hesabu: wengi zaidi hawakwenda chuo kikuu. Walikwenda shule za ufundi, au kujifunza kazi ndani ya atelie na kiwanda, au mafunzo ya kilimo. Ile sheria haikudharau bisibisi wala jembe. Ilimwambia mtu: kile ulichojua kambini tutakikamilisha, na utapata karatasi yake.

Lakini tusipambe. Ile sheria ilipitia mikono ya ofisi za kila jimbo, na kule kusini ya Marekani askari Weusi walifungiwa milango. Vyuo vingi havikuwapokea, mabenki hayakuwakopesha, maofisa waliwasukuma kwenye kazi za mikono. Hata jeshini kwenyewe, jeshi la majini kwa muda mrefu liliwaweka Weusi jikoni na mezani kwa maofisa, mbali na mashini. Mtu hawezi kuvuka na ufundi wenye alikatazwa kuugusa.

Na tusiseme tena kwamba bila sheria tajiri hakuna kitu. Japani ilishindwa, miji yake iliungua. Masaru Ibuka, mhandisi aliyekuwa anatengeneza vifaa vya vipimo kwa ajili ya jeshi, mwaka wa 1945 alifungua atelie ndani ya duka kubwa lililounguzwa na vita, katikati ya Tokyo. Yeye na watu wake walitengeneza redio za watu, na kuziongezea kifaa cha kushika mawimbi mafupi. Walijaribu pia sufuria ya umeme ya kupika wali. Ilishindwa vibaya: mara wali mbichi, mara wali uji. Akio Morita, aliyekuwa afisa wa ufundi wa jeshi la majini na kumjua Ibuka katika kazi za vita, akajiunga naye. Mwezi wa Mei 1946 wakaandikisha kampuni. Mwaka wa 1955 wakauza redio ya transista. Mwaka wa 1958 kampuni ikachukua jina lenye munalijua: Sony. Daraja lao lilikuwa redio mbovu za majirani. Walianza na kile raia alikuwa anahitaji siku ile.

Na sisi?

Wakati Kilby alikuwa anatengeneza redio katika shamba la chai, Wakongomani walikuwa upande wa pili wa ile mipaka. Hospitali ya kuhama ya Force Publique, 10th Belgian Congo Casualty Clearing Station, ilikwenda mpaka Burma pamoja na askari wa Afrika ya Mashariki. Wakongomani walibeba majeruhi, walifunga vidonda, walisaidia waganga katika matope ya ile nchi. Vita moja, msitu mmoja, mvua moja.

Vita ikaisha. Mmarekani akarudi nyumbani akakuta University of Illinois inamngojea. Mkongomani akarudi akakuta nini? Nchi nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifungua milango mwaka wa 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka wa 1956. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 22 mwaka wa 1945 alikuwa na miaka 31 pale mlango wa kwanza ulipofunguka. Na jeshini dari ilikuwa chini: mpaka uhuru wa 1960 hakukuwa na afisa Mkongomani hata mmoja katika Force Publique. Mwezi wa Julai mwaka ule ule askari wakaasi, na ile dari ilikuwa moja ya sababu zao kubwa.

Kuko waliovuka. Mmoja wote tunamjua. Joseph-Désiré Mobutu alijifunza kazi ya ukarani na uhasibu katika Force Publique, akatoka mwaka wa 1956, akawa mwandishi wa gazeti Léopoldville. Kupiga mashini na kupanga sentensi alikokujua jeshini kulimfungulia mlango wa raia. Kule alikofika baadaye ni habari ingine, kila mtu na maoni yake. Mimi nasema tu: hata kwetu ufundi uliweza kuvuka, pale gazeti lilikubali kumpokea mtu kwa kile anachojua kufanya.

Tangu zamani zile serikali zetu zimejaribu mipango ya kuwarudisha wapiganaji katika raia: CONADER tangu 2003, leo PDDRC-S tangu 2021. Na INPP inafundisha ufundi tangu 1964. Milango ipo. Lakini Papa wa maredio hakuwa mpiganaji wa msituni wa kunyang'anywa bunduki. Alikuwa fundi. Alitoka jeshini kimya kimya na kichwa kilichojaa, na hakuna fomu yenye inamuuliza: unajua kutengeneza nini?

Sisi wasomi tunalalamika juu ya ushomeri, na tuko na haki. Lakini katika ile siku ya pompa nilijiona sawasawa. Mimi niko na karatasi yenye haina mikono. Yeye iko na mikono yenye haina karatasi. Na fomu ilituomba tudanganye ili tuonekane mtu mmoja.

Nilichofanya, na ninachoomba

Nimeandika barua ya kusahihisha ile ripoti. Nimeomba jina langu litolewe, liwekwe la Papa, na maelezo ya kazi aliyofanya. Sijapata jibu. Pengine watanikasirikia. Nimeamua iwe vile.

Nilikwenda kwenye kibanda kumwambia. Alikuwa na redio mbele yake, hakuinua kichwa.

"Hiyo karatasi itanisaidia nini, Inje? Mimi nimeshazeeka."

Nikakosa la kusema. Kisha akaonyesha kwa kidevu kijana mwenye alikuwa anakaa nyuma yake, miaka pengine 16, anapanga visi kwa ukubwa.

"Kama unataka kuandika, andikia huyu. Kila siku anafungua vitu vya watu. Mimi nitakufa, naye watamuuliza ile swali."

Kwa hiyo naomba chama chetu vitu vitatu, vidogo.

Kwanza, kila mmoja wetu amtafute fundi mmoja wa mtaa wake, hasa wale waliojifunza jeshini, na amsaidie kufungua daftari la kazi: tarehe, mashini gani, kosa gani, alitengeneza namna gani, mwenye mashini anatia sahihi. Daftari la miezi sita lenye sahihi za watu linaweza kuzungumza mbele ya mwajiri kuliko maneno matupu.

Pili, chama kiende kuuliza INPP rasmi namna gani fundi wa namna ile anaweza kupimwa na kupewa cheti, bei gani, muda gani, na majibu yabandikwe hapa, yote, ili tuache kubahatisha.

Tatu, tusome nao. Eddy alianza na hesabu. Yule kijana wa Papa anajua kupima lakini sehemu za hesabu zinamshinda. Jumamosi mbili sasa nakaa naye, namfundisha sehemu, desimali, na namna ya kugawa volti kwa omu ili kupata ampea. Kisha yeye ananionyesha kupima boksi ya pompa. Jumamosi iliyopita niliweka fimbo za multimeta mahali sipo, akanicheka, akanishika mkono akauhamisha. Kosa la tatu ndani ya saa moja.

Kama mtaani kwako kuko mtu wa namna hii, andika hapa chini anatengeneza nini na yuko sehemu gani, lakini muulize kwanza kama anapenda. Daftari la kwanza nimeshalinunua. Ukurasa wa kwanza ni pompa.